Joka Lililolala na Mama

Mwezi uliopita nilimpeleka mtoto wangu wa mwisho kupata chanjo. Langoni mwa kituo cha afya walikuwa wameweka ndoo yenye bomba, na mlinzi akaniambia ninawe mikono kabla ya kuingia. Maji yalipogusa viganja vyangu, harufu ya klore, dawa ya kuulia vijidudu, ikanipanda puani na miguu ikakataa kwenda. Mlinzi aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ni jua tu. Nikamwomba mama mmoja anishikie mtoto, nikakaa kwenye ngazi, mwanamke mzima mwenye watoto watatu, nikalia kama mtu aliyefiwa asubuhi hiyo hiyo.

Ninyi mliokulia mji wa Baraka, huku Kongo, miaka ile yangu mnaijua harufu hiyo, na mnajua ilikuwa ikifika mtaani baada ya nini.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa karibu na Ziwa Tanganyika, katika nyumba ya matofali mabichi yenye bati jipya ambalo baba alijivunia kuliko kitu chochote. Baba alikuwa na biashara ndogo: alipeleka chumvi na sabuni Kilembwe, mji wa bara, akarudi na mchele na mafuta ya mawese. Mama alilima mihogo na kukausha ndagala, dagaa wa ziwani. Tulikaa pia na Koko, ndivyo tunavyomwita bibi, mama yake baba, mzaliwa wa rasi ya Ubwari, aliyehamia kwetu baada ya kufiwa na mumewe. Na mwaka huo mama alijifungua mtoto wa kiume, mdogo wangu, ambaye leo ana ndevu na anaishi Kalemie.

Mtoto alipokuwa na wiki mbili, baba alirudi kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na zawadi ya uzazi. Ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu. Mama alifungua zipu polepole, kwa heshima, akatoa blanketi jekundu, zito, laini kama manyoya ya mbuzi mchanga. Alipolitandaza kitandani chumba kilijaa harufu ya plastiki na ya kitu kitamu kama peremende. Katikati yake palikuwa na mnyama ambaye sikuwahi kumwona. Mwili wake ulikuwa wa nyoka, umejikunja mara tatu, lakini alikuwa na miguu minne yenye kucha za tai, pembe kama matawi, na ndevu mbili ndefu kama za kambare. Mdomo ulikuwa wazi. Macho yalikuwa yanamtazama yeyote aliyesimama mlangoni.

"Ni nyama gani hii?" mama aliuliza akicheka, akimgusa yule mnyama pembe.

"Ni mapambo tu," baba akajibu. "Ila iko na joto sana. Utalala nayo na mutoto."

Koko alikuwa mlangoni. Hakuingia.

"We ulitoa wapi hii kintu?"

"Mama, ni bulangeti."

"Huyu ni mwenye mayi," Koko akasema. "Bameweka sura yake kwa kitambaa, na we unaileta kwa mwanamuke mwenye kutoka kuzala. Mi sitaigusa."

Na kweli hakuligusa. Hata siku za kuanua, mvua ikitaka kunyesha, aliliacha kwenye kamba akaniita mimi.

Nilimuuliza mwenye maji ni nani. Alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, na mikono yake haikusimama. Akaniambia kwamba chini ya miamba ya Ubwari kuna joka ambalo lilikuwepo kabla ya watu. Siku ambayo wingu linashusha mkia wake ziwani na maji yanapanda yakizunguka kama nguzo, ni lenyewe limesimama kutazama vijiji. Linamchagua mtu wake. Na huyo mtu asipokwenda ziwani, linamfuata.

"Linatembea?" nikauliza.

"Hapana. Linakuya ndani ya mayi."

Ningeweza kusahau, maana watoto husahau. Lakini Jumapili iliyofuata mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, kijana aliyependa kuchora ubaoni, alitusimulia habari za joka kubwa jekundu lililosimama mbele ya mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, likimngoja ajifungue ili limmeze mtoto wake. Alilichora kwa chaki, vichwa vingi, mikia, meno. Wenzangu walipiga kelele kwa furaha. Mimi nilishika maneno mawili tu. Jekundu, alisema. Mwanamke aliyejifungua, alisema. Nilirudi nyumbani nikikimbia, nikamkuta mama amelala mchana, mdogo wangu kifuani, na blanketi limewafunika wote wawili hadi mabegani.

Mtu pekee niliyemweleza ni Mahoro. Mahoro alikuwa rafiki yangu, tulikaa benchi moja darasani. Familia yake ilikuwa imeshuka kutoka milimani, Bibokoboko, na mama yake aliuza maziwa pale mtaani kwetu. Watu wakubwa wa kwao na wa kwetu walisalimiana kwa tahadhari, lakini sisi tuligawana muhogo bila kuuliza mtu. Mahoro alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa kama mtu mzima.

"Kwetu kuna nyoka mukubwa haiuwawe," akasema. "Inaingia mu nyumba ya tate, ya babu, banaipa maziwa, inaenda. Ni kama muzee amerudi kusalimia. Yenu iko na kasirani juu hamuipe kitu."

Kesho yake alileta maziwa kidogo kwenye kifuniko cha thermosi. Tukakisukuma chini ya kitanda cha mama, tukatoka tukiwa tumeshikana mikono. Baada ya siku mbili mama alifuata harufu, akakuta maziwa yameganda na sisimizi wamejaa. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Unataka kufuga paka, mama yangu?" aliniuliza. Aliniita hivyo, mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Nilicheka naye, lakini usiku na mchana nilitembea na majoka matatu kichwani: la Koko lililochukua watu, la mwalimu lililongoja watoto, la Mahoro lililotaka tu kukaribishwa. Sikujua lipi ndilo lililolala na mama.

Kisha mvua ikaja, mafuriko yakavunja mabomba, na bomba la mtaa wetu likakauka. Mwanzoni watu walipanga bidoni zao, madumu ya maji, mstari wakangoja. Siku ya tatu walichoka, wakaenda kuchota ziwani. Kwetu mchotaji nilikuwa mimi. Baba alikuwa amekwenda Kilembwe, na njia ilikuwa matope matupu.

Mama alianza kuharisha alfajiri. Hadi jua linachomoza alikuwa hawezi kusimama. Kilichomtoka kilikuwa maji, meupe kama ya kuoshea mchele, na alipotapika yakawa maji hayo hayo. Nilisimama mlangoni nikayatazama yakienea sakafuni. Koko alisema linakuja ndani ya maji. Sasa lilikuwa limekuja, na lilikuwa ndani ya mama.

Jirani mmoja mwenye pikipiki alimpakia mama katikati, mkewe akakaa nyuma kumshika asianguke. Koko alibaki na mtoto. Mimi nilikimbia nyuma ya pikipiki mpaka kwenye mahema meupe ya wagonjwa wa kolera, yaani kipindupindu. Walininyunyizia klore miguuni, wakaniruhusu nikae karibu na mlango wa hema. Mama alilazwa kwenye kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake. Uso wake ulikuwa umebadilika kwa saa chache tu: macho yamezama, mashavu yamebonyea, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa.

Mwuguzi mmoja, mwanamke mfupi mwenye mabuti ya mpira, alihangaika na mkono wa mama akitafuta mshipa wa kupitishia dripu. Alipoupata alinigeukia.

"Papa yako iko wapi?"

"Iko Kilembwe."

"Mwili ya mama yako iko baridi. Bulangeti zetu zimeisha. Kimbia nyumbani, lete moja. Ya muzito. Umesikia?"

Nilimsikia. Mama naye alifungua macho akasema, kwa sauti ya kukwaruza, "Ile yangu."

Nilikimbia. Nyumbani Koko alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, akichemsha maji. Mdogo wangu alikuwa amelala peke yake kitandani, juu ya blanketi, na kichwa chake kilikuwa kimelalia mdomoni mwa yule mnyama. Sisemi hivi ili kupamba. Ndivyo alivyokuwa amelazwa, kichwa kidogo chenye nywele chache, na meno pande zote mbili.

Nilimwinua nikamlaza kwenye mkeka. Nikakunja blanketi, nikalibeba kichwani, nikatoka bila kumwita Koko. Kwenye njia panda, kushoto ni mahemani, kulia ni ziwani. Nilisimama hapo. Ninajua kwamba nilisimama, kwa sababu mpaka leo nikipita naona jiwe nililoegemea. Niliwaza hivi: nikilipeleka blanketi kwa mama, nimelipeleka joka likammalize. Nikilirudisha kwa mwenyewe, yule mwenye maji, atamwacha.

Nikaenda kulia.

Ilikuwa mchana, jua kali baada ya mvua, na upande ule wa mawe hapakuwa na mtu. Nilifunga mawe ndani ya blanketi kwa fundo, nikaingia mpaka kiunoni, nikalisukuma. Halikuzama. Fundo lilifunguka, mawe yakaanguka, blanketi likajaa hewa likatanda juu ya maji, na mawimbi yalipopita chini yake yule mnyama alianza kuogelea. Mgongo ulipanda na kushuka. Alikuwa ananitazama. Nilirudi nyuma nikaanguka, nikanywa maji, nikatoka nikikimbia, na nilipogeuka kwa mbali niliona doa jekundu likielekea kilindini. Nilijisikia mwepesi. Nilijisikia nimemwokoa mama yangu.

"Bulangeti?" mwuguzi aliniuliza.

"Haiko. Bameiba."

Alinitazama nguo zangu zilizolowa, akafikiri ni klore au mvua, sijui. Alichukua vikwembe viwili, vitenge vya wagonjwa wengine, akamfunika mama, juu yake akaweka gunia la mchele. Mama alikuwa akitetemeka taratibu, kama bati upepo ukipita. Nikamsogelea sikioni.

"Mama, nimemurudisha kwake. Sasa utapona."

Alinitazama. Sijawahi kujua kama alielewa. Alisema, "Baridi, mama yangu. Lete ile yangu," na baada ya hapo hakusema neno ambalo niliweza kulishika.

Nilikaa mguuni pake. Kila mara nilishika kisigino chake, nikitazamia joto lirudi, kwa maana joka lilikuwa limeshaondoka na hapakuwa na sababu ya kuendelea kuwa baridi. Asubuhi ilikuja na kisigino kilikuwa vile vile. Wagonjwa wawili walikaa wakaomba uji. Mama alikufa kabla ya saa sita mchana, na mwuguzi mfupi aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa akafunika uso kwa mikono yenye glovu. Wanaume waliojifunga barakoa walimpulizia mama klore, wakamtia kwenye mfuko, wakamzika siku hiyo hiyo. Hatukumwosha. Hatukumlaza nyumbani. Koko alilia akiwa upande huu wa kamba waliyofunga, mtoto mgongoni.

Baadaye sana, nikiwa mkubwa, daktari mmoja alinieleza kwa upole kwamba blanketi lisingemponya. Mama alichelewa kufika, na mwili wake ulikuwa umekwisha maji. Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba hata hayo maji yaliyomwua nilikuwa nimeyachota mimi.

Baba alifika siku ya pili baada ya maziko, matope mpaka mapajani. Hakulia. Aliingia chumbani, akasimama mbele ya kitanda kitupu.

"Bulangeti iko wapi?"

"Bameiba," Koko akajibu, akininyooshea kidole. "Mutoto njo alisema."

Jirani yetu mmoja aliyekuja kutupa pole, mwanamke ambaye simtaji kwa sababu bado yuko hai, akainua kichwa. "Ile siku mi niliona ule mutoto wa Mama Mahoro anatoka hapa kwenu. Alikuwa na kintu mukononi."

Mahoro alikuwa amekuja, ndiyo. Alikuwa amemletea Koko kikombe cha maziwa, akaondoka na kikombe chake. Koko angeweza kusema hivyo, lakini Koko alikuwa na mtoto analia njaa mikononi na huzuni masikioni, hakusema. Mimi nilikuwa nimekaa chini, mgongo ukutani, nikikwaruza sakafu kwa kucha.

Wa umri wangu mnajua neno kama hilo lilikuwa na uzito gani siku zile, kati ya watu wa huku chini na watu wa kule juu. Jirani alilitamka sebuleni kwetu, na kabla kivuli hakijahama ukutani tayari vijana walikuwa wanapita mbele ya nyumba yetu kuelekea kwa kina Mahoro. Baba alikuwa amelala kifudifudi kwenye kitanda kitupu. Nilisikia sufuria zikigonga mawe. Nilisikia sauti ya Mama Mahoro ikisema kitu kwa lugha yao, tena na tena. Nikatapika. Koko alipiga kelele akidhani ni kolera, na baba akaruka kitandani akanibeba atoke nami mbio.

"Papa, siko mugonjwa," nikamwambia mikononi mwake. "Mi njo nilitupa."

"Ulitupa nini?"

"Bulangeti. Mu ziwa. Mahoro hakuiba."

Alinishusha chini. "Juu ya nini?"

Nikamweleza yote, joka la Koko, joka la mwalimu, maziwa chini ya kitanda, mtoto aliyelala mdomoni. Nikamweleza jiwe la njia panda. Nilitaka anipige. Hakunipiga. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Muuzaji kule Kigoma aliniambia," akasema, kama anayejisemea, "kule kwenye banatengeneza hizi bulangeti, ile nyama inalinda nyumba. Inaleta mvula na baraka. Banaipenda." Kisha akasema, "Kulikuwa na za maua. Mi njo nilichagua ile."

Akanishika mkono, tukaenda kwa kina Mahoro.

Vijana walikuwa bado uani. Magodoro yalikuwa nje, nguo zimetawanyika, chungu cha maziwa kimevunjika na maziwa yamekwisha kunywewa na udongo. Mama Mahoro alisimama wima mbele ya mlango wake, na Mahoro nyuma yake ameshika nguo ya mama yake. Baba hakupaza sauti. Alinisukuma mbele.

"Sema."

Nikasema. Vijana walitazamana, mmoja akacheka, wengine wakaondoka bila kuinua hata nguo moja kutoka chini. Baba alipiga magoti kwenye matope akaanza kukusanya vyombo. Alimwomba Mama Mahoro msamaha, kwa ajili yangu, kwa ajili ya nyumba yake, kwa ajili ya mtaa. Mama Mahoro alimpokea sufuria moja mkononi.

"Pole kwa muke yako," akamwambia baba. "Alikuwa mutu muzuri. Mutoto amesema, nimesikia. Lakini bale bote balisikia kama sisi ni bezi, nani atabaambia hii?"

Mahoro hakunitazama. Nilimwita jina lake mara moja, akaingia ndani.

Baba alilichukua swali lile kama lilivyoulizwa. Alinishika tena mkono, tukaanza na nyumba ya kwanza barabarani. Alibisha, watu walipotoka akasema, "Mutoto wangu ana neno," na mimi nikasema: "Mahoro hakuiba. Mi njo nilitupa bulangeti ya mama mu ziwa." Kisha nyumba ya pili. Kisha ya tatu. Mahali pengine walinihurumia, wakataka kunipa bugali. Mahali pengine waliniuliza kwa nini, baba akajibu kwa niaba yangu, "Alikuwa anatafuta mama yake apone." Yule jirani aliyetaja jina la Mahoro alifunga mlango kabla sijamaliza, na baba akaningojea nimalizie mbele ya mbao. Tulikwenda mpaka ufukweni, tukarudi upande wa pili wa barabara. Sauti ilinikauka, nikawa nasema kwa mnong'ono, baba akawa anainama asikie kama nimesema lote. Macho yake yalikuwa mekundu na hakuwa amekula tangu Kilembwe.

Jua lilikuwa linaelekea magharibi, juu ya milima, tuliporudi kwa Mama Mahoro kumwambia kwamba tumemaliza. Ua lilikuwa limefagiliwa. Mlango ulikuwa na kufuli. Mzee aliyekuwa akishona kiatu upande wa pili alituambia wameondoka na mizigo yao, wamepanda njia ya milimani, mama mbele na mtoto nyuma.

Baba alikaa kwenye kizingiti chao. Hapo ndipo alipomlilia mama, kwa sauti, watu wakipita. Nami sikujua nifanye nini na mikono yangu, wala na mdomo wangu. Nikasimama mbele ya mlango wa Mahoro, nikasema tena yale maneno niliyosema kutwa nzima, kwa sababu tulikuwa tumefika katika nyumba zote na ni mlango ule tu tuliokuwa hatujaubishia hodi.